Kibali cha uwanja wa maulidi: tuliyopitia mpaka Mahakama Kuu Tanga

Simu zimekuwa nyingi. Watu wa kamati za maulidi kutoka Pangani, Muheza, juzi mmoja kanipigia kutoka Bagamoyo kabisa, wote wana swali lilelile, dada nyie mlifanyaje mliponyimwa uwanja. Nimechoka kurudia kwenye simu, na kila nikirudia nasahau kitu, kwahiyo naandika yote mara moja. Mie ni katibu wa kamati ya maulidi ya madrasa yetu, mji mdogo hapa mkoani Tanga. Jina la mji na la ofisi iliyohusika sitaji, waliopo pale sasaivi tunaelewana nao na sina haja ya kumchafua mtu, ninachotaka ni mwenzangu asiingie mahakamani mikono mitupu kama tulivoingia sisi.

Uwanja wenyewe upo nyuma ya soko. Jioni vijana wanacheza mpira, siku ya mnada wauza mitumba wanatandika, sisi tunasoma maulidi pale usiku mmoja kwa mwaka, na kanisa moja la kilokole nao wanafanya mkutano wa injili wiki nzima kila mwaka tarehe zilezile. Miaka nenda rudi hakuna aliyegombana na mwenzie. Sasa wao wanafuata kalenda ya ukutani, sisi tunafuata mwezi, na mwezi unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Hatukuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, mpaka mwaka ambao Mfungo Sita, mwezi wetu wa maulidi, ulisogea sogea ukaenda kukaa juu ya wiki ya mkutano wa injili.

Sisi kibali chetu kilikuwa cha mdomo. Mwenyekiti wetu alipita ofisini, akaongea na afisa mmoja anayemfahamu, akaambiwa nyie wazee si wa kila mwaka, andaeni tu. Basi tukaandaa. Kinamama tukachanga, tukatoa advansi ya ng'ombe, turubai na viti vikawekewa oda, mashekhe wakaalikwa, vijana wa dufu wakaanza mazoezi ya zefe, yale matembezi yetu ya barabarani. Kumbe mwenzetu mchungaji alishaandika barua mapema, akapewa kontroo namba ya kulipia serikalini, akalipia uwanja, akapewa kibali chenye muhuri kwa tarehe zinazoimeza ya kwetu. Tulijua pale mabango yao yalipobandikwa sokoni.

Hapo maneno yakaanza. Barazani watu wanasema Waislamu tumenyang'anywa uwanja, upande wa pili nao wanasema tunataka kuwavunjia mkutano wao, na hakuna hata mmoja kati ya hao wanaosema aliyeenda kuuliza. Vijana wakawa wanaongea maneno ya kutisha. Maalim aliwaita baada ya Isha akawakalisha chini mpaka usiku mwingi, na nashukuru sana alifanya vile. Lakini habari ilishafika ofisini, na jibu la ofisi likawa barua ya mistari mitatu: matumizi ya uwanja kwa shughuli zote za kidini yamesitishwa mpaka hapo itakapotangazwa, kwa sababu za kiusalama. Wote wawili tumefutiwa, na hakuna aliyeitwa kusikilizwa.

Nilivyoisoma ile barua nililia. Kwa mtu wa mbali maulidi ni shughuli ya usiku mmoja tu, lakini kwetu ndo siku mtu aliyeolewa Handeni anarudi, ndo siku mtoto wa madrasa anasoma mbele za watu kwa mara ya kwanza, wazee wasiotoka ndani mwaka mzima siku hiyo wanabebwa kwenye bajaji waje wasimame na wenzao kwenye kisimamo. Unaponiambia sababu za usalama bila kuniambia nimemfanyia nani nini, inauma sana.

Tukapanda gari kwenda Tanga mjini kutafuta wakili. Tulipata mmoja ofisi yake ipo maeneo ya Ngamiani, mtu mpole, akatusikiliza mpaka mwisho halafu akaanza kuuliza. Barua yenu ya maombi iko wapi? Hatuna. Risiti ya malipo mwaka huu? Hatuna. Miaka ya nyuma? Zipo, lakini ziko kwa mweka hazina wa zamani na amehamia Dar. Nyie ni nani kisheria? Kamati ya maulidi. Imesajiliwa wapi? Tukatazamana. Uwanja ni wa nani? Mwenyekiti akajibu ni wa wananchi. Wakili akatabasamu akasema nchi hii ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inasema hivo, mimi nauliza nani ana mamlaka ya kuutoa huo uwanja, halmashauri, shule, chama, au kuna mtu ana hati yake?

Hili swali la uwanja wa nani naomba msilipite haraka. Viwanja vingi vya mpira tunavyoviita vya serikali ni vya chama, hata Mkwakwani pale Tanga ni cha CCM, sasa ukipeleka barua halmashauri umepeleka sipo. Vingine kwenye ramani ya mipango miji ni eneo la shule. Ukiwa Bagamoyo karibu na majengo ya kale au kule Kaole, watu wa Mambo ya Kale nao wana neno lao. Nenda kwa afisa mipango miji uulize kwenye ramani pameandikwa nini, ni kazi ya asubuhi moja.

Wakili alitupa mfano wa India ambao mpaka leo huwa nawasimulia watu. Jimbo la Karnataka, mwaka 2022, viwanja viwili vyote vinaitwa Idgah yaani Waislamu wanaswalia Idd pale, na watu wakaomba kufanyia sikukuu ya Ganesha, mungu wa Wahindu. Tarehe 30 Agosti yakatoka majibu mawili siku moja. Kile cha Chamarajpet, Bengaluru, Mahakama ya Juu ya India ikasema hali ibaki kama ilivyo, sikukuu isifanyike pale, manake umiliki wenyewe bado unabishaniwa kati ya Bodi ya Wakfu, inayosimamia mali za wakfu za Waislamu, na serikali. Kile cha Hubballi, Mahakama Kuu ya Karnataka ikaruhusu sikukuu usiku uleule, ikisema ardhi ni ya manispaa na Waislamu haki yao ni kuswali siku za Idd. Sipimi hapa nani alionewa kule. Ninachosema ni kwamba mahakamani hawakuanza na nani ana dini ya kweli wala nani ana watu wengi, walianza na karatasi za ardhi.

Jambo jingine alilotufungua macho ni kwamba tulikuwa tunachanganya vitu viwili. Kuna ruhusa ya uwanja, hiyo anatoa mwenye mamlaka ya uwanja. Halafu kuna taarifa ya polisi, hiyo ni ya mkusanyiko na maandamano, na zefe letu linaloingia barabarani ni maandamano. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka barua ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, ukitaja mahali, saa na dhumuni. Zamani ilikuwa lazima uombe kibali kabisa, mpaka Mchungaji Christopher Mtikila alipoishtaki serikali, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akaona sharti lile la kibali linakiuka Katiba, ndo sheria ikabadilishwa ikawa taarifa. Maalim aliposikia aliyefungua ile njia ni mchungaji alinyamaza kidogo, akasema kumbe hili zefe letu tunatembea kwa jasho lake. Ila msijidanganye, polisi bado wana uwezo wa kuzuia wakiona amani itavunjika, na kupokelewa barua yako polisi hakukupi uwanja. Sisi miaka yote tulikuwa tunapeleka barua polisi tu tunadhani tumemaliza.

Katiba tunayo, ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu, lakini uhuru huo unaendana na sheria nyingine, na ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama na haki za wengine. Kwahiyo kusimama mbele ya jaji ukasema tu dini ni haki yangu, haitoshi. Wakili alituambia silaha yetu kubwa ilikuwa ibara ya 13(6)(a), haki ya kusikilizwa, kwa sababu ile barua ilifuta bila kumuita mtu. Nayo inafaa kama uamuzi upo kwenye maandishi. Sisi bahati nzuri barua ya kusitisha ilikuwepo. Ukikataliwa kwa mdomo utapinga nini? Andika barua wewe, sema tarehe fulani nilifika nikaambiwa hivi na hivi, naomba uthibitisho na sababu kwa maandishi, halafu kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri.

Sasa tukafika kwenye muda, na hapa ndo kamati nyingi zitakwama kama sisi. Kuishtaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Zamani halmashauri zilikuwa na notisi yake fupi, siku 30, lakini tangu mabadiliko ya mwaka 2020 nazo zimeingia kwenye hizo 90, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Sisi maulidi yalikuwa yamebaki wiki chache! Kuna njia ya mapitio ya kimahakama, yaani Mahakama Kuu iangalie kama ofisi iliamua kwa kufuata sheria, ambayo unaomba kwanza kibali cha mahakama ndani ya miezi sita tangu uamuzi, nayo ina hatua zake, na utaulizwa kama umemaliza njia za ndani za kukata rufaa au kulalamika. Njia ya haraka iliyobaki ni maombi ya zuio la muda wakati notisi inasubiriwa, wenyewe wanaliita Mareva. Wakili hakutuficha, alisema ni mlima. Akataka milioni mbili na nusu, tukaongea akashuka mpaka milioni na nusu kwa masharti nauli na kopi juu yetu. Pesa hiyo tuliitoa kwenye mchango wa pilau. Nasema wazi kwa sababu watu wakisikia mahakama wanafikiri ni ada ndogo ya kusajili, na nauli za watu wa kamati kwenda na kurudi Tanga ziliumiza kuliko hata ada.

Kitu kimoja kilinipa moyo, siku hizi mahakamani ni Kiswahili, sheria ilibadilishwa 2021. Nilielewa kila kilichosemwa mle ndani. Na nilichokielewa ni kwamba tumekwisha, manake Wakili wa Serikali alisimama na pingamizi la awali, akauliza huyu mwombaji anayeitwa Kamati ya Maulidi ni nani. Hana usajili, si mtu, si kampuni, si bodi ya wadhamini, hawezi kushtaki wala kushtakiwa. Wakili wetu alijitahidi, lakini alishatuonya kabla, na sisi ndo tulikuwa tumeng'ang'ania jina la kamati liwe mbele kwa sababu wazee walitaka heshima ya kamati. Jaji akakubali pingamizi. Shauri likaondolewa, kila upande ubebe gharama zake. Hoja yetu ya kutosikilizwa haikufunguliwa kabisa. Kisheria tungeweza kurudi tena tukiwa tumejipanga vizuri, lakini Mfungo Sita ulikuwa umeshaandama.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote hakikisheni anayeshtaki ni mtu au chombo kinachotambulika kisheria. Taasisi za dini zinashtaki kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kama madrasa yenu iko chini ya taasisi kubwa yenye bodi, ombeni barua yao mapema ya kuwasimamia. Jumuiya zinasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, ila kwa kushtaki ulizeni wakili bodi inahitajika vipi. Au watu wawili watatu wenye majina yao wafungue wenyewe, na wakitaka kuwawakilisha wenzao wote waombe ruhusa ya mahakama kwanza. Kama hamna pesa, msaada wa kisheria upo kwa sheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, hawatakusimamia Mahakama Kuu lakini barua na notisi watakusaidia kuziweka sawa, na wangetuambia bure hili la jina.

Siku mbili baada ya uamuzi, mchungaji alikuja madrasa na wazee wake wawili. Sisi kinamama tulikuwa tunachambua mchele, tukadhani kuna ugomvi. Akamwamkia Maalim shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akasema Maalim, na sisi tumefungiwa, hela ya uwanja tumelipa na wahubiri wameshafika. Halafu akasema neno ambalo lilitukata maini wote, kwamba wangeambiwa tu mapema tarehe ya maulidi wangeuacha ule usiku, wangefanya mkutano siku nyingine zote, hakuna shida kabisa. Maalim akamwambia na sisi hatukuwahi kukuuliza mwanangu. Pale ndo nilielewa kwamba sisi na walokole hatukuwa na kesi. Tulikuwa na tarehe moja, na ofisi isiyokuwa na daftari la uwanja, na watu wa barazani.

Maulidi tulisoma madrasa. Turubai dogo, wanaume nje mpaka kwenye uchochoro, wanawake tukajibana nyumba ya jirani, zefe halikutoka. Ng'ombe aliliwa, dua ikasomwa, lakini wageni wengi waligeuza njiani walivyosikia hakuna uwanja, na wazee wa bajaji safari ile hatukuwaleta.

Mwezi uliofuata tukaandika barua moja, saini mbili, ya Maalim na ya mchungaji, kwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya, diwani na mwenyekiti wa mtaa. Ile barua ilijibiwa haraka kuliko zote. Tukaitwa kikao, na ndani ya kikao kile nikasikia malalamiko ambayo sikuwahi kuyajua, ya majirani wa uwanja. Spika zinalia mpaka karibu alfajiri, kuna mgonjwa, kuna mtoto wa mtihani, vyoo hamna watu wanajisaidia kwenye kuta zao. Kuna kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na zinahusu nyumba za ibada na mikutano vilevile kama zinavyohusu baa. Kumbe zile sababu za kiusalama nusu yake ilikuwa hii, ila hakuna aliyeiandika. Tukakubaliana spika zielekezwe ndani ya uwanja, zipunguzwe usiku, vyoo vya kukodi au soko lifunguliwe vyoo vyake, usafi asubuhi ni juu ya aliyetumia, na kijana mmoja wa kila upande ana namba ya simu ambayo jirani atapiga.

Na ofisi ikafungua daftari. Kila anayetaka uwanja anaandikisha mapema, anapewa kontroo namba, tarehe zinabandikwa ukutani. Tarehe za maulidi tunaandika mbili, kwa sababu ya kuandama kwa mwezi, na ya pili inaachiwa siku mwezi ukionekana. Hili la tarehe mbili dai kwa nguvu, watu wa ofisini wengi hawajui kama tarehe yetu inaweza kusogea siku moja.

Kama kamati yako inataka kujua lini uanze, hesabu yangu ni hii, Idd el Fitri ikiisha tu andika barua. Mfungo Mosi unapeleka maombi, mwanzoni mwa Mfungo Pili uwe na jibu la maandishi mkononi, ukikataliwa bado una nafasi ya notisi ya siku 90 na kikao juu yake kabla Mfungo Sita haujafika. Lipia kwa kontroo namba, usimpe mtu hela mkononi hata kama ni ndugu yako. Risiti za miaka yote weka sehemu moja, piga picha kila karatasi itume kwa watu watatu, na ng'ombe usimlipie advansi mpaka kibali kiwe na muhuri. Taarifa ya polisi usisubiri saa 48, peleka wiki mbili kabla, chora na njia ya zefe itakapopita.

Mwaka jana tulisoma uwanjani, na vijana wa kanisa ndo walisimama kuelekeza magari. Mwaka huu barua imeshapokelewa, kopi yenye muhuri ninayo. Kilichobaki ni bodi yetu ya wadhamini, fomu zimeenda RITA na cheti bado hakijatoka, kwahiyo kwa sasa tunapita kwa barua ya taasisi iliyo juu yetu. Kuna vifungu vya katiba ya madrasa waliturudishia turekebishe, Maalim anavyo, Ijumaa baada ya swala tunakaa kuvimalizia.